Apande puanti sasa au asubiri? Mabinti wawili wa ukoo mmoja na mizani isiyojua kitu

Wa kwanza ni wangu, wa pili ni wa dada yangu. Wamepishana miezi minne, wote wanatimiza miaka 12 mwaka huu, na wote wanasoma baleti hapa Malindi, katika chumba cha ghorofani chenye sakafu ya mbao, kwa mwalimu wa Kiitaliano aliyekuja likizo zamani akasahau kurudi kwao. Wangu ni mfupi, mnene kiasi, ana mapaja ya kupandia mnazi. Wa dada ni mrefu, mwembamba kama ufito, na akinyoosha wayo mguu unapinda kama mundu. Wasimamishe pamoja umwulize mpita njia yeyote ni yupi aliye tayari kwa puanti, ile ya kusimama juu ya ncha za vidole. Atakuonyesha wa dada kabla hujamaliza kuuliza.

Sisi nasi tulimwona huyo huyo. Dada akaagiza viatu mtandaoni wiki ile ile. Mimi nikaanza kumpunguzia mwanangu wali.

Yote mawili yalikuwa makosa. Langu ndilo linaloniuma zaidi, na nitalifikia. Kwanza nieleze tulichokuwa tukichagua, maana wengi wanaona picha tu.

Puanti ni kucheza umesimama juu ya ncha za vidole, ndani ya kiatu chenye kichwa kigumu. Ndani ya kichwa hicho hamna chuma wala kipande cha mbao, kama watu wanavyodhani. Kwa kawaida ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyoshikizwa kwa gundi yakaachwa yakauke, kisha chini ya wayo pakawekwa kipande kigumu cha ngozi au karatasi iliyoshindiliwa. Ncha yenyewe ni bapa dogo lisilozidi sana kifuniko cha chupa ya maji. Marie Taglioni, aliyewashangaza watu wa Paris mwaka 1832, hakuwa hata na hicho. Alivaa viatu laini vilivyotariziwa nyuzi nchani, na kilichomsimamisha ni mguu wake. Kiatu cha leo kinasaidia zaidi, lakini hakimwinui mtu asiyeweza kujiinua.

Orodha isiyo na kilo

Mwongozo ambao madaktari wa wacheza dansi wanauegemea ulichapishwa mwaka 2009 na chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi. Mwalimu alinifafanulia kwa Kiswahili chake cha ufukweni. Nilitarajia jedwali la kilo na urefu kama lile la kliniki ya watoto. Halimo. Yaliyomo ni kwamba mtoto asianze kabla ya miaka 12. Anayekuja darasani mara moja tu kwa wiki asihimizwe kupanda. Anayekuja mara mbili, na hana kasoro nyingine, aanze katika mwaka wake wa nne wa masomo. Kama kifundo cha mguu hakipindi vya kutosha, au nyonga, goti na wayo havikai mstari mmoja, asiruhusiwe. Kama misuli ya kiunoni, tumboni na miguuni bado dhaifu, aijenge kwanza. Na kama viungo vya miguu yake ni vilegevu kupita kiasi, yaani vinapinda kuliko kawaida, naye asubiri apate nguvu ya kuvidhibiti.

Hiyo ya mwisho nilimwomba mwalimu airudie. Ule mguu wa mundu tulioushangilia sote ndio unaoambiwa usubiri.

Na hilo la mara ngapi kwa wiki sikuwa nimelitia maanani hata kidogo. Wangu anatembea tu kutoka nyumbani hadi darasani, kwa hiyo anakwenda Jumanne na Jumamosi, na huu ni mwaka wake wa nne. Wa dada anakaa Watamu. Anapanda matatu mpaka Gede, anabadilisha, anafika Malindi Jumamosi saa nne akiwa na njaa na vumbi. Jumanne shule hairuhusu na nauli hairuhusu. Ana miaka miwili na nusu ya Jumamosi. Ukihesabu vipindi, mwanangu amesimama kwenye ile fito ya mazoezi, ya kushikilia, karibu mara tatu ya binamu yake, na sisi tulikuwa tukiwalinganisha mapaja.

Penseli, kisigino, ndege na kuruka

Mwalimu aliwapima wote siku moja, akaniruhusu nikae pembeni nitazame. Vipimo vinne, hakuna mashine.

Cha kwanza ni penseli. Mtoto anakaa chini, mguu mbele, ananyoosha wayo awezavyo, unaweka penseli juu ya kifundo kutoka kwenye muundi kwenda kwenye mgongo wa wayo. Ikilala vizuri bila kusukumwa na fundo, basi kifundo kinapinda digrii 90 au zaidi. Kwa wa dada ililala na nafasi ikabaki. Kwa wangu, mguu wa kushoto ulipita. Wa kulia penseli ikawa inapanda na kushuka kama bembea ya watoto. Zimekosekana digrii chache tu, na nilitaka kuzibishia. Mwalimu akanionyesha kwa mwili wake: digrii zinazokosekana kifundoni mtoto atazikopa kwingine. Atakunja goti, au atalalia nyuma akipinda mgongo, na uzito utakaa nyuma ya lile bapa badala ya juu yake. Kila siku, kila zoezi.

Cha pili, kuinua kisigino kwa mguu mmoja, goti limenyooka, ncha za vidole vya mkono zikigusa ukuta tu. Waalimu wengi wanataka angalau 20 bila kuvunja umbo. Wangu alifika 25 akacheka. Wa dada alifika 9, na kuanzia ya 6 kifundo kilikuwa kikimwagika kuelekea upande wa kidole kidogo. Huo mmwagiko, mtu akiwa juu ya puanti, ndio unaotegua kifundo.

Cha tatu wanakiita ndege. Unasimama mguu mmoja, kiwiliwili mbele, mguu wa pili nyuma, mikono imetandazwa kama mabawa, halafu unakunja goti na kurudi mara tano huku mikono ikishuka kugusa sakafu. Nne kati ya tano ziwe safi, goti lielekee juu ya vidole. Goti la wa dada lilikuwa likiingia ndani kila mara, kama mlango wenye bawaba moja. Cha nne ni kuruka kwa mguu mmoja mara 16, na walau 8 zitue bila kishindo na bila kuyumba. Wangu 12. Wa dada 5.

Dada alinyamaza. Mimi nilijaribu kunyamaza pia, lakini nadhani uso ulinisaliti, na adhabu yangu ilikuja papo hapo: mwalimu alisema hakuna anayepanda. Wa dada asubiri mwaka mmoja, na aongeze kipindi kama anataka kweli. Wangu muhula mmoja wa viatu vya nusu-puanti, vya kujizoeza kabla ya puanti yenyewe, na mazoezi ya kifundo cha kulia, kisha apimwe tena.

Mwembamba na mnene

Sasa nisionekane nasema kilo si kitu. Mtoto akisimama juu ya ncha, kilo zake zote zinashukia vidole viwili vitatu, na anayebeba zaidi anashusha zaidi. Hilo haliepukiki. Lakini misuli inayoinua nayo ina uzito, na mtoto mwenye vigimbi vinene ana kitu cha kujiinulia. Kinachoulizwa ni kama nguvu inautosha mzigo. Mzigo mdogo juu ya nguzo nyembamba unaweza kuanguka kabla ya mzigo mkubwa juu ya nguzo imara, na aliyewahi kujenga banda la makuti anajua.

Basi ukitaka kuboresha uwiano huo una njia mbili. Unaongeza nguvu, au unapunguza mzigo. Kwa mtu mzima unaweza kukaa ukapima. Kwa binti wa miaka 11 au 12 njia ya pili ina hila mbaya, kwa sababu mwili wake uko kazini. Huu ndio umri ambao wasichana wengi wanarefuka kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine baada ya utotoni, na kuvunja ungo kunafuata baada ya hapo. Katika miaka kama miwili tu inayozunguka kilele hicho cha kurefuka, mifupa inajiwekea karibu robo ya uzito wote itakaokuwa nao ukubwani. Mafuta yanayoongezeka nyongani na mapajani ni sehemu ya kazi hiyo. Ukimnyima chakula wakati huo, huchagui kitakachopungua. Inaweza kuwa misuli ile ile inayomwinua, na inaweza kuwa mfupa ambao hatapata nafasi nyingine ya kuujenga.

Kurefuka kwenyewe pia kunavuruga mambo. Mfupa unatangulia, misuli inafuata nyuma, na kwa miezi kadhaa mtoto aliyekuwa akisimama imara anaanza kuyumba na kukakamaa. Wa dada alirefuka sana tangu Idi iliyopita, na nadhani zile 9 zake zina sehemu ya hilo. Hata mwenye vipimo vizuri, ukiona sketi ya shule imepanda ghafla, huo si mwezi wa kuanza puanti.

Mizani mbili za Malindi

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya baleti havilijui. Binti zetu wanaishi kati ya mizani mbili zinazopingana. Nyumbani, nyanya akimwona mjukuu amenenepa kidogo husema amenawiri, mashallah, na akimwona amekonda huuliza kama kuna homa au kama mama yake amesahau kupika. Kwenye harusi, anayeshangiliwa kwenye chakacha ni mwenye kiuno cha kuzungusha. Kisha Jumamosi mtoto huyo huyo anaingia chumba chenye kioo ukutani, anavaa nguo ya kubana, na picha zote alizoziona mtandaoni ni za wasichana ambao nyanya angewapeleka hospitali.

Mwalimu wetu hajawahi kusema neno juu ya mwili wa mtoto yeyote, nimshukuru. Aliyelisema ni mimi. Sikusema kwa ubaya. Nilisema tu, "Mwanangu, wali kidogo leo, si unataka kupanda puanti?" Nikaondoa mahamri ya asubuhi nikaweka chai na tunda. Wiki ya tatu alikuwa akirudi shule analala hadi magharibi. Jumamosi moja alisimama kwenye fito akatokwa jasho baridi, akakaa chini mwenyewe. Mwalimu alimpima visigino kwa udadisi tu: 17. Alikuwa na 25. Chakula changu cha busara kilikuwa kimemwondolea nguvu ile moja aliyokuwa nayo kuliko wenzake.

Usiku ule aliniuliza kama yeye ni mzito. Sikuwa na jibu zuri, na sijui kama lipo. Nilimwambia visigino vyake vilikuwa 25 akila na 17 asipokula, achague anachotaka. Asubuhi yake alikula mahamri manne na mbaazi.

Hali hii ina jina. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliiita upungufu wa nishati kwa wanamichezo, yaani mwili unatumia kuliko unavyopewa, na unaanza kuzima mambo yake mmoja mmoja: hedhi, mifupa, kinga, usingizi, furaha. Haumpati mwembamba peke yake. Mnene anaweza kuwa nao, kama nilivyoonyeshwa. Dalili za kutazama ni uchovu usioisha, baridi mtu anayoisikia wenzake wakipepea, majeraha yanayojirudia, na maumivu ya mguu kwenye mfupa, sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, yanayobaki hata amepumzika. Kwa wacheza baleti mfupa unaojulikana kupata ufa wa namna hii ni ule unaoelekea kidole cha pili cha mguu, na daktari asiyeambiwa kuwa mtoto anacheza baleti anaweza asiufikirie. Mwambieni.

Na hedhi. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo akikosa siku zake miezi mitatu mfululizo, aonwe na daktari. Aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, vilevile. Katika baadhi ya madarasa ya nje kukatika damu kumehesabiwa kama jambo la kawaida la mazoezi magumu, na hilo ni hatari. Hapa tuna bahati ya somo. Binti ana mtu mzima asiyekuwa mama yake ambaye anaweza kumwambia mambo haya bila haya. Mimi nilikwenda kwa somo wa mwanangu mapema, kabla ya wakati, nikamweleza habari za baleti. Alicheka sana kwanza. Kisha akaniambia, "Kwa hiyo kazi yangu ni kumfundisha, na sasa pia kumhesabia?" Ndiyo, nikamwambia. Kumhesabia pia.

Chakula chenyewe sina ufundi wa kukushauri zaidi ya kilichomo jikoni. Kabla ya darasa kitu chenye wanga kinachoshuka haraka, ndizi au viazi. Baada ya darasa samaki, mbaazi, maziwa, mchicha. Dagaa wanaoliwa na miba yao ni kalsiamu ya bei rahisi kuliko kidonge chochote. Na Ramadhani, kwa anayefunga, tumekubaliana na mwalimu kwamba hakuna kuanza jambo jipya mwezi ule. Mazoezi mepesi ya sakafuni alasiri, au kipindi kihamie baada ya kufuturu. Ukiwa na mwalimu asiyejua saumu, mweleze mapema, hatakisia.

Kuanza, kusubiri, njia ya katikati, au kutopanda

Dada ana hoja moja aliyoishikilia mpaka leo, nayo ni Misty Copeland. Alianza baleti akiwa na miaka 13, akapanda puanti baada ya miezi michache tu, na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufikia daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre. Kwa hiyo miaka minne ya nini? Nilimjibu kwamba hiyo hoja yake ni yangu. Kama mtu anaweza kuanza kabisa kabisa akiwa na miaka 13 na kufika pale, basi mwanao akipanda puanti na miaka 13 badala ya 12 amechelewa kwenda wapi?

Huo ndio ulinganisho wa kweli wa kuanza na kusubiri, na hauna mizani sawa. Anayesubiri bila sababu anapoteza muhula na machozi kidogo. Anayeanza kabla ya wakati anaweza kutegua kifundo, na sehemu za kukulia kwenye mifupa ya wayo wake bado hazijafunga. Lakini hasara iliyo ya kawaida zaidi ni ndogo na ya kimya: anajifunza kukaa vibaya juu ya kiatu, mwili unazoea, na mwalimu wa baadaye anatumia miaka kuuzoesha upya. Wengine wanajifunza kuogopa, na hilo halina mazoezi.

Nusu-puanti ni kiatu chenye kichwa lakini kisicho na kile kipande kigumu chini ya wayo. Mguu unasukumana na kiatu, unapata nguvu, bila kupanda juu. Kuna waalimu wasioutaka, wanasema kiatu laini na mazoezi ya kutosha vinafanya kazi ile ile. Kwa mwanangu naona unafaa, kwa sababu mbili: amepewa kitu cha kushika, na ule mguu wa kulia unalazimika kufanya kazi. Akipita, ataanza kwa dakika kumi au kumi na tano mwisho wa kipindi, mikono miwili kwenye fito. Watoto wanadhani siku ya kwanza watazunguka katikati ya chumba. Waambieni mapema.

Na kutopanda kabisa? Hili halisemwi, na kwa wengi wetu ndilo jibu. Mtoto anayekuja Jumamosi moja kwa furaha yake, anayetaka muziki na shoga zake, anaweza kucheza baleti miaka kumi kwa viatu laini. Wavulana karibu wote wanafanya hivyo na hakuna anayewaonea huruma.

Sakafu na viatu

Juu ya sakafu nitasema kifupi. Nyumba zetu ni vigae au saruji. Saruji haimezi kishindo, na kigae pamoja na satini ya kiatu ni kuteleza moja kwa moja. Kuinua visigino nyumbani, sawa. Puanti nyumbani, hapana, hata kwa kumwonyesha mgeni.

Viatu ndiko pesa inakoangukia. Jozi mpya huko nje huanzia kama dola 80, bado usafirishaji na ushuru, na uhai wake unahesabiwa kwa saa za kucheza. Wacheza wakubwa wanaweza kumaliza jozi katika onyesho moja. Na huku pwani gundi ina adui wa pili mbali na jasho, nao ni hewa yenyewe. Kiatu kikiachwa ndani ya mfuko wa plastiki usiku mmoja, asubuhi kimelainika kama mkate uliochovywa chai. Kitolewe, kipanuliwe, kitundikwe penye upepo na kivuli.

Kupimiwa ana kwa ana na mtu anayejua kunashinda njia nyingine zote, hata ikibidi kungoja safari. Upana wa mguu, urefu wa vidole, umbo la kisigino, vyote vinaangaliwa mtoto akiwa amesimama na akiwa amekunja goti. Kuagiza mtandaoni kwa namba ya kiatu cha shule ni kubahatisha. Na mitumba, ambayo mimi kama fundi wa nguo naipenda kuliko mtu yeyote sokoni, hapa isahau. Kiatu cha puanti kilichotumika kimeshavunjika kufuata mguu wa mtu mwingine. Riboni mshonee kwa uzi mnene, wengine hutumia uzi wa kusafishia meno maana haukatiki, na sindano isipite kwenye ule uzi wa kukazia ulio kwenye ukingo, au hutaweza kuuvuta tena.

Kosa kubwa zaidi ni lile la akina mama wote wa Malindi, kununua kubwa kidogo ili akue ndani yake. Kiatu cha shule kikizidi unaweka karatasi. Hiki kikizidi mguu unazama, vidole vinakunjika, na bapa linakwenda kivyake.

Dada alinunua saizi kamili, hilo alijua. Viatu vilifika baada ya wiki tano, vya waridi, vinanukia gundi, akavitundika kwenye msumari chumbani kwa mtoto vimngojee. Mwalimu ameruhusu avivae akiwa amekaa kitandani tu, na kila Jumapili binti anavivaa, ananyoosha ile miguu yake ya mundu, anaitazama, anavivua. Siku hizi anakuja Malindi mara mbili kwa wiki, Jumanne analala kwetu. Visigino vimefika 14. Jumanne iliyopita alikuja amevibeba ndani ya kikapu, akanionyesha kidole gumba, chekundu juu ya ukucha.

"Mamdogo," akasema, "vimekuwa vidogo."